Penseli Nyekundu ya Katibu Mkuu

Niliapa kukaa kimya. Nilimwapia mama, nikajiapia mwenyewe, na kwa siku mbili nzima nilikaa kiti cha nyuma nikibana midomo kama mtu anayeumwa jino. Siku ya tatu nikalipuka.

Baraza lilikuwa likikaa kwenye ukumbi wa dansi wa hoteli, kwa kuwa ndio ukumbi pekee hapa Wiesenrode uliobaki na vioo vyote madirishani. Karatasi za rangi za sherehe ya kanivali zilikuwa bado zinaning'inia darini, na chini yake aliketi Daktari Eckart Hollenstedt, daktari wa vitabu si wa tiba, aliyekuwa Katibu Mkuu wa wizara kule Berlin kabla ya vita na wakati wa vita, suti imenyooka, viatu vinang'aa. Viatu vya ngozi! Februari ya 1948, sisi wengine tunatembelea soli za mbao.

Kila mtu aliyekuwa na cheo chini ya utawala ule ulioshindwa vitani ilimbidi apite mbele ya baraza, na baraza likampanga katika moja ya makundi matano. Kundi la kwanza ni wakosaji wakuu, hao huenda kambi ya kazi. La nne ni wafuata mkumbo, hao hukemewa wakaenda zao. Hollenstedt alilitaka la nne, na mjini kila mtu alijua sababu: kiti cha mkuu wa wilaya kilikuwa wazi kikimngoja. Alileta vyeti thelathini na kimoja vya watu wa kumtetea. Sisi tuliviita vyeti vya sabuni, maana kazi yake ni kumng'arisha mtu. Mchungaji aliandika, mwoka mikate aliandika, na mjane wa daktari wa meno aliandika kwamba Bwana Daktari Hollenstedt alimpandishia ndoo ya makaa ghorofa mbili. Haya basi! Mtu kabeba ndoo ya makaa, mambo yote yaishe.

Mimi nilikuwa pale kwa ajili ya Anselm, mdogo wangu. Alikuwa na kifafa, tukampeleka hospitali ya wagonjwa wa akili ya Haldenbrück, na huko akawa mkulima hodari wa bustani ya hospitali. Alikuwa akinitumia vitunguu kwa posta, amevifunga gazeti na kuandika juu yake "kwa dada mkali". Vuli ya 1940 yalikuja mabasi ya kijivu yakawachukua wagonjwa. Januari tukaletewa barua iliyosema nimonia, pamoja na kopo la majivu. Mama alilizika lile kopo na kulipandia maua, akaamini ile nimonia. Mimi sikuamini hata siku moja: waliopakiwa kwenye mabasi yale walipelekwa kuuawa.

Mshtaki wa baraza alikuwa Wendelin Strobach, mpiga chapa, msoshalisti wa zamani ambaye vidole vyake havijawahi kutakata wino. Silaha yake ilikuwa moja tu: picha ya barua, aliyotumiwa na Wamarekani kutoka kwenye ghala lao la majalada. Mganga mkuu wa Haldenbrück alikuwa ameiandikia wizara kuomba kwamba wagonjwa ishirini na watatu wanaolima bustani wasipakiwe kwenye mabasi. Huko wizarani mtu alikuwa ameikata ile aya ya ombi kwa mstari mmoja wa penseli. Mstari mmoja, roho ishirini na tatu.

"Mstari huu ni wa nani?" Strobach aliuliza.

"Sijui," Hollenstedt akajibu, kwa upole wa mtu anayewaelekeza wageni njia ya stesheni. "Barua mamia zilipita katika jengo lile kila siku. Haikuwa kazi yangu kusoma kila karatasi."

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mwoka mikate alitikisa mpaka kidevu kikacheza. Strobach, maskini, akainua ile picha juu watu waione, nami nikaona kitu cheusi na cheupe tu, na damu ikanipanda.

"Haina rangi!" nilipiga kelele, nimeshasimama. "Picha yako haina rangi, Strobach! Huo mstari una rangi gani?"

Mwenyekiti, mwalimu mstaafu aitwaye Rübsam, akatikisa kengele ileile aliyokuwa akitufungia nayo shule. "Roswitha Kämmerling! Kaa chini au utoke nje!"

"Nitatoka nikishasema! Nimefanya kazi masjala ya wizara hiyo miaka kumi na mmoja, Bwana Mwenyekiti. Wizarani kila mkubwa ana penseli yake! Waziri kijani, Katibu Mkuu nyekundu, wakurugenzi buluu. Hawaandiki jina, rangi ndiyo jina lao. Kamera imekula jina la mtu, na nyinyi mnaulizana ni nani!"

Kwa mara ya kwanza Hollenstedt akageuza shingo kunitazama. Hakunitambua. Angenitambuaje? Yeye alikaa ghorofa ya nne, mimi chini ya ardhi pamoja na mabomba.

Wakili wake, Beierlein, akacheka kwa sauti. "Jamani, sasa tunahukumiwa kwa kasha la penseli za watoto!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, lakini mzee Rübsam hakucheka. Mtu aliyesahihisha madaftari miaka arobaini hawezi kuidharau penseli nyekundu. Akaahirisha kikao mpaka kesho yake saa nane mchana, bila kuongeza hata dakika moja.

Strobach alinikamata mkono kwenye ngazi. "Dada, usinitanie. Una hakika?"

"Nina hakika kuliko ninavyojua sala ya Baba Yetu."

"Barua yenyewe iko ghalani kwa Wamarekani. Kilomita sabini."

"Sasa umesimama hapa unangoja nini?"

Gari lake lilikuwa kigari cha magurudumu matatu cha kubebea magazeti, kimefungwa nyuma tangi la kuchomea kuni ili moshi wake uendeshe injini, maana petroli ilikuwa ya Wamarekani na ya ndotoni tu. Kila mlima tulishuka. Yeye akasukuma, mimi nikachochea vibanzi vya kuni tangini, moshi ukaniingia mpaka kwenye nywele za ndani ya kofia. Nilikuwa na furaha ya ajabu! Nilikuwa nimekaa miaka saba bila kitu cha kufanya kwa ajili ya Anselm zaidi ya kulia, na sasa nilikuwa na kuni mkononi na kilomita sabini mbele yangu.

"Una miaka mingapi, dada?" Strobach alipiga kelele kushinda mngurumo.

"Arobaini na mmoja! Sukuma!"

Ghala lilikuwa kiwanda cha zamani cha viberiti. Makasha ya mbao yenye mianya yalipangwa mpaka kwenye paa. Sajenti wa Kimarekani, jitu refu lenye kutafuna kitu muda wote, alitufungulia na kusema kwa Kijerumani chake kilichochechemea kwamba ile picha ilipigwa na kikosi kingine, na barua ilirudishwa kwenye kasha asilolijua. Makasha ni elfu mbili mia moja. Karibuni, tafuteni.

Strobach akakaa juu ya kasha moja, amekata tamaa kabisa. "Tumekwisha."

"Umekwisha wewe. Mimi ni karani wa masjala." Nikamnyang'anya ile picha. Juu kulia palikuwa na namba ya jalada, na namba ya jalada kwangu mimi ni kama jina la mtoto kwa mama. Tarakimu ya kwanza idara, ya pili kitengo, kisha mstari wa mshazari, kisha mwaka. Wamarekani walikuwa wameyapanga makasha ovyo, hilo ni kweli, lakini hawakuyachanganya mafurushi, na mafurushi tuliyafunga sisi, kwa kamba zetu, na vibandiko vya rangi ya idara vikitazama nje. Nilipita safu kwa safu nikitazama vibandiko na namba zake tu. Kahawia, hapana. Kijivu, hapana. Njano, njano, njano, simama hapo!

"Hilo," nilimwambia sajenti. "La tatu kutoka juu."

Akanitazama, akatazama makasha, akapanda ngazi. Ilitutosha saa moja na nusu. Jalada lilipotua mezani kamba ilinishinda kuifungua, Strobach akaikata kwa kisu chake.

Nyekundu! Nyekundu kama iliyochorwa jana, mstari mnene uliokandamizwa kwa mkono wa mtu asiyekawia. Strobach alinikumbatia akanipaka wino shavuni, na sajenti akacheka bila kujua anacheka nini.

Nikageuza ukurasa. Ukurasa wa pili ulikuwa orodha ya majina ishirini na matatu. La tisa: Kämmerling, Anselm, bustani, mchapakazi, mpole. Nililisoma mara tatu. Furaha yote ikanitoka, nikawa baridi. Kisha nikaona kitu kingine, chini kabisa ya ukurasa wa kwanza, mahali ambapo picha ilikatwa: neno "Ihifadhiwe", tarehe, na herufi mbili kwa wino. R.K. Mwandiko wangu.

Barua ile ilishuka kwangu. Niliigonga muhuri, nikaipa namba, nikaihifadhi. Strobach alikuwa akitazama mstari mwekundu tu, herufi zangu hakuziona. Ningeweza kusema barua haifai. Ningeweza kusema nimekosea kasha. Sitadanganya, nilifikiria hivyo kwa muda wa pumzi mbili hivi. Halafu nikafunga jalada nikasema, "Twende nalo."

"Halitoki," alisema sajenti. "Karatasi halisi haitoki bila mlinzi."

"Basi njoo nawe."

Kesho yake asubuhi akaja kweli, amejikunja kwenye kile kigari, jalada juu ya magoti yake, magoti yake karibu na masikio. Kwenye mlima wa mwisho tangi lilizimika. Saa saba na dakika ishirini! Sajenti akanipa jalada, akashuka, akakisukuma kile chombo peke yake mpaka juu huku Strobach akishika usukani na mimi nikichochea na kutukana. Tuliingia ukumbini saa nane kasoro dakika mbili, weusi kama wafagia mabomba ya moshi, na watu wakatupisha.

Rübsam aliishika barua akaipeleka dirishani kwenye mwanga. "Ni nyekundu," alisema. Mnong'ono ukapita ukumbini.

Hollenstedt hakushtuka hata kidogo. "Bwana Mwenyekiti, ilikuwa vita. Penseli zilikuwa adimu. Mtu aliandika kwa alichokipata."

Na mzee Rübsam, loo, nilimwona akilegea! "Hilo nalo kweli," alisema. "Hata sisi shuleni tuligawana vipande vya chaki."

Nikaitwa kiti cha shahidi. Beierlein alinizunguka kama paka aliyeshiba, kwa kujifurahisha tu.

"Bibi Kämmerling, cheo chako kilikuwa nini?"

"Karani wa masjala."

"Ghorofa ya ngapi?"

"Chini ya ardhi."

"Aa, pamoja na viazi." Watu wakacheka. "Uliwahi kumwona mteja wangu, kwa macho yako mwenyewe, ameshika penseli nyekundu?"

"Hapana."

"Kwa hiyo hujui. Inawezekana alitumia nyeusi?"

"Sidhani."

"Inawezekana alitumia buluu?"

Hapo nikaona kitu. Hollenstedt, aliyekuwa ametulia kama sanamu siku nne, alikunja kidole kimoja mezani. Na mimi nikamkumbuka Ottilie. Mwaka 1937 Ottilie, binti wa masjala mwenye macho mabovu, alichora mstari kwenye jalada kwa penseli nyekundu kimakosa. Tulisikia viatu vikishuka ngazi ghorofa zote nne. Katibu Mkuu mwenyewe! Siku zile hakuwahi kushuka hata wakati wa mazoezi ya kujikinga na mabomu. Alisimama mlangoni, hakutuona sisi watu, aliona penseli tu. Jioni Ottilie hakuwa na kazi.

"Buluu?" nikasema polepole. "Inawezekana. Sasa ukiniuliza hivyo, Bwana Wakili, inawezekana kabisa."

Strobach alinitumbulia macho kana kwamba nimemchoma kisu.

Beierlein hakuamini bahati yake. "Hebu rudia, baraza lisikie!"

"Buluu ni ya wakurugenzi. Wengi kule chini tulimhesabu Bwana Daktari kama mkurugenzi hivi. Jina lilikuwa kubwa, lakini mambo yenyewe waliamua wengine."

"Safi kabisa!" Beierlein aliugeukia ukumbi na mikono hewani. "Mmesikia kutoka kwa shahidi wao wenyewe! Mteja wangu alikuwa mtu wa penseli ya buluu, mkurugenzi mmoja kati ya wengi..."

"Beierlein," alisema Hollenstedt.

"...mtu wa jina tu, aliyepitishiwa makaratasi..."

"Wakili, inatosha."

"...bila sauti, bila nguvu, tarishi aliyevalishwa tai!"

"Nyamaza, mpumbavu wewe!" Hollenstedt alikuwa amesimama, uso umewiva. "Buluu? Mimi buluu? Buluu walitumia wakurugenzi, na wakurugenzi walisimama mbele ya meza yangu mpaka niwaambie waketi! Kanuni ya ofisi, kifungu cha nane: nyekundu ni ya Katibu Mkuu. Vita au si vita, hakuna mtu ndani ya jengo lile aliyethubutu kuigusa nyekundu isipokuwa mimi. Nilimfukuza msichana kwa kosa hilo!"

Karatasi moja ya kanivali ilijiachia kutoka darini ikashuka polepole mpaka kwenye bega lake, na hakuna aliyecheka. Mwoka mikate alikuwa anatazama viatu vyake.

"Asante, Bwana Katibu Mkuu," alisema Strobach.

Beierlein akaketi taratibu, akaanza kuvikusanya vyeti vyake vya sabuni, kimoja juu ya kingine. Mdomo umeponza kichwa, na mdomo wenyewe ulikuwa wa mteja. Baraza lilitoka nje dakika kumi na tano tu. Kundi la kwanza, miaka kumi ya kambi ya kazi, na jalada lipelekwe mahakama ya jinai kwa kesi ya mauaji. Ukumbi ukalipuka! Watu walipanda juu ya viti, wengine wakipiga makofi, wengine wakizomea baraza, wengine wakimzomea yeye ambaye asubuhi walimwamkia kwa kuvua kofia. Strobach alikuwa akilia waziwazi. Mimi nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, nikasema kwa sauti, "Anselm, tumempata! Tumempata!" na sajenti akanipigia saluti.

Kengele ya Rübsam ikalia tena, muda mrefu.

"Bado jambo moja la kumbukumbu," alisema. Miwani yake ilikuwa karibu na karatasi. Mwalimu ni mwalimu, husoma mpaka chini. "Hapa pameandikwa 'Ihifadhiwe', na herufi R.K. Huyu ni nani?"

Nilijua swali litakuja. Nililingoja kilomita sabini zote za kurudi, na jibu nilikuwa nimelipanga vizuri kama jalada.

"Ni mimi, Bwana Mwenyekiti."

Strobach aligeuka. Ukumbi wote uligeuka.

"Ndani yake kuna orodha ya majina," Rübsam alisema kwa upole, maana alimfundisha Anselm kusoma. "Roswitha, uliisoma?"

"Haikuwa kazi yangu kusoma," nikasema.

Na Hollenstedt, akiwa kati ya polisi wawili mlangoni, alinitazama, sasa akinitambua, akanitikisia kichwa. Alikitikisa kidogo tu, jinsi mkubwa anavyomridhia karani anayejua kazi yake. Sijawahi kupigwa kofi likaniuma hivyo.

Nikamgeukia mwandishi wa baraza, aliyekuwa ameshaanza kuandika.

"Kata hilo," nilimwambia. "Andika hivi: shahidi aliona jina la hospitali, akajua ndugu yake yumo humo, akaogopa kufunua ukurasa. Umeandika? Nipe nitie sahihi."